Kama Maiti Hujaiona

Sheria hii aliitunga rafiki yangu, muuguzi mwenzangu kutoka Kenya, na aliitunga amekaa kwenye kochi langu hapa Perry Barr, Birmingham, na nguo zake za kanisani, sahani ya bajia mapajani: kama maiti hujaiona, usianze tanga. Kwenye televisheni binti wa jemadari alikuwa ametoka kusukumwa kutoka juu ya jabali. Muziki unalia, mchumba wake amepiga magoti kwenye theluji, na mimi mwenzenu machozi yananitiririka. Rafiki yangu akachovya bajia kwenye chatne, akanitazama kwa huruma ya kejeli.

"Wewe unalia nini? Umeona body? Hujaona. Huyo hajakufa. Atarudi episode ya kumi, na jina lingine."

Hakuifikia ya kumi, alirudi ya tisa. Alirudi na jina jipya na kibanio kipya cha nywele, na kwa sababu ya kibanio hicho hakuna hata mmoja aliyemtambua, wala mama mkwe wake aliyekula naye sahani moja. Nilikasirika. Mimi mtu akikata nywele zake Handsworth ninamtambua nikiwa ndani ya basi.

Tamthiliya hizi za Kichina za zamani, za majumba ya wafalme na visasi, alituwekea binti yangu kabla hajaondoka kwenda chuo. Nadhani alitaka nisiwe mpweke. Tangu hapo Jumapili ikawa hivyo: kama hatuna zamu sote wawili kwenye nyumba ya wazee tunayofanya kazi, rafiki yangu akitoka kanisani anapanda basi kuja kwangu, mimi nimeshapika, tunakaa mpaka jioni. Hadithi ni ile ile moja. Nyumba ya watu wema inasingiziwa, inateketezwa, anabaki mtoto mmoja. Mtoto anakula kiapo, anakua, anaingia kwenye nyumba ya maadui zake akiwa anatabasamu, kisha anawaangusha mmoja mmoja, na aghalabu silaha yake ni chai.

Chai ndiyo iliyokuwa ikitutoa roho. Mtu keshalishwa sumu mara mbili katika nyumba hiyo hiyo, na mama wa kambo huyo huyo akimletea kikombe, anakipokea kwa mikono miwili na kuinama. "Usinywe!" tunapiga kelele, Mkenya na Mzanzibari kwa sauti moja, mpaka jirani anagonga ukuta. Anakunywa. Wanakunywa siku zote.

Kwenye kisasi ndipo tulipokuwa hatuelewani. Rafiki yangu ni mlokole wa kweli kweli, hasemi uongo hata wa kujipumzisha. Wenzetu kazini wakichoka hupiga simu wakasema tumbo linawauma, yeye hupiga akasema amechoka, na huja kazini hivyo hivyo kwa sababu uchovu si ugonjwa. Kwa hiyo kila tamthiliya mpya alianza kwa kutuhubiria kwamba kisasi ni cha Mungu. Ikifika sehemu ya tano utamsikia, "Mpige! Aki mpige huyo mama!" Akishatulia anasema Mungu naye hutumia watu.

Mimi sikuwa na mahubiri. Mimi nilitaka steringi, yule mhusika mkuu, alipize, alipize yote, na asiulizwe. Kuna mmoja alivumilia miaka mingi, akamfikia shangazi yake aliyewauza wote, akamshikia upanga shingoni, halafu akalia, akautupa upanga chini. Akamsamehe! Nilizima televisheni. Nilinuna wiki nzima, nikawa nagonga vyombo jikoni kazini, na rafiki yangu alipoona yamezidi akaniuliza, "Kwani huyo auntie alikukosea nini wewe?"

Niliendelea kugonga sufuria. Alijua kwamba mama yangu alifariki kabla hatujajuana, na zaidi ya hapo hakujua kitu.

Aliyenikosea mimi ni dada yangu. Au hivyo ndivyo nilivyoamini.

Sisi tuliozoea kuishi mbali tuna ugonjwa wetu mmoja, nao ni kwamba hatuambiwi. Mtu wa nyumbani akifa, wazee wanakaa, wanapima: huyo aliye Uingereza aambiwe sasa au ahifadhiwe kwanza? Yuko peke yake, yuko kazini, ana mtihani, atashtuka, atafanya nini naye hana wa kumshika. Basi wanakuhifadhi. Rafiki yangu mwenyewe aliambiwa baba yake amelazwa tu, anaendelea vizuri, na huku kaburi limeshachimbwa. Ndiyo maana hapa Birmingham ukipokea simu kutoka nyumbani na salamu zikawa ndefu kuliko kawaida, unatafuta mahali pa kukaa. Unaanza kuwaulizia mmoja mmoja, na wewe unahesabu nani hajatajwa.

Mama yangu alifariki alfajiri ya Ijumaa, kule Unguja. Kwetu maiti halali ndani. Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri. Mimi nilikuwa nakaribia mtihani wangu wa mwisho wa uuguzi, ambao Mama alikuwa akiuombea dua kuliko mimi. Kila Ijumaa usiku ukiingia nilikuwa nampigia simu, na Ijumaa ile nikampigia. Akapokea dada yangu.

"Nipe Mama," nikasema.

"Kaenda kumtazama mgonjwa."

Nikasikia watu wengi nyuma yake, wanawake, sauti za chini. Nikauliza kuna nini hapo. Akasema wageni. Kisha nikamsimulia vichekesho vyangu vya wodini, na kimoja nilikisema kwa kirefu, na yeye akacheka. Hicho kicheko ndicho nilichokiweka moyoni. Jumanne nikafanya mtihani, na jioni yake ami yangu akapiga simu, salamu zikawa ndefu.

Mtihani nilifaulu. Sijapata kukichukia kitu kama nilivyokichukia cheti kile.

Baada ya hapo dada na mimi hatukugombana, na hilo ndilo baya. Tulipigiana simu kama watu wa ofisi moja. Hujambo, sijambo, watoto, mvua. Nilimtumia pole yake naye akanitumia yangu. Ndani yangu nilikuwa nikisubiri, kama binti wa jemadari, siku nitakayomweka mbele yangu, na nilikuwa nimeshayapanga maneno. Siku moja tukitazama tamthiliya, rafiki yangu alisema kitu bila kujua anamwambia nani. Alisema, "Steringi lazima amwangalie adui machoni. Revenge ya WhatsApp si revenge." Wiki ile ile nikaanza kumshughulikia dada viza.

Akaja mwezi wa saba. Mtu mzima, kanenepa, goti linamsumbua, na halua imefungwa kwenye kanga tatu kana kwamba ni mtoto mchanga. Nilimtazama akitoka pale uwanja wa ndege akisukuma kitoroli vibaya, kinamvuta kushoto, na moyo ukanitaka nimkimbilie. Nikaukataza. Nilimbusu mkono kama mtoto mwenye adabu, nikachukua mzigo.

Nilikuwa nimepanga kusema usiku wa kwanza. Sikusema. Wala wiki ya kwanza. Nilimpeleka Soho Road akanunua muhogo na kuulalamikia, nikampeleka kuutazama uwanja mkubwa wa michezo pale karibu na kwangu, akauliza kwa nini hakuna mtu ndani. Maneno yangu yalikuwa tayari, lakini adui wa kwenye tamthiliya haamki alfajiri akakufulia sare yako ya kazi kwa mikono kwa sababu haamini mashine.

Na Jumapili ilipofika, akakaa nasi kutazama.

Kiingereza cha kusoma maandishi ya chini kinampita haraka, basi nikawa namtafsiria kwa sauti, kama wale watu wa kwetu ambao kazi yao ni kutafsiri picha kwenye mabanda ya video. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotegemea. Mfalme nilimpa sauti nzito, matowashi nikawapa sauti ya pua, na mama wa kambo nikampa lafudhi ya jirani yetu mmoja wa Unguja, dada akacheka mpaka akashika goti. Alikuwa mtazamaji wa ajabu. Sisi wawili tulikuwa tunauliza nani kafanya na atalipwa lini. Yeye aliuliza mambo ambayo hatukupata kuyafikiria. Nyumba nzima ya jemadari wa tamthiliya mpya tuliyoianza ilipouawa uani, theluji inawaanguka juu, rafiki yangu akasaga meno akasema watalipa hawa, na dada akauliza, "Nani kawazika?"

"Haioneshwi," nikamwambia.

"Kina nani wamewaosha? Au wameachwa hivyo hivyo?"

"Auntie, hiyo haiko kwenye story," rafiki yangu akasema.

"Basi hadithi haijakamilika," dada akasema, akachukua bajia.

Jumapili nyingine tukaifikia ile sehemu. Kwa tamthiliya ndefu kama hizi, ukikaa sana nazo lazima siku moja ukutane na nyumba yako. Steringi, binti wa jemadari yule, ambaye sasa tunajua kwamba muda wote ule alikuwa mpakani wakati nyumba yake inateketea, kagundua kwamba mwenye hatia si mama wa kambo peke yake. Dada yake mwenyewe, tumbo moja, aliyeolewa na mfalme, ndiye aliyewaamuru watu wote wasimpelekee habari kwamba mama yao amefariki. Miezi mingi mtoto yuko mpakani anacheka na askari, na mama yake yuko chini ya ardhi. Sasa amerudi, ameingia chumbani kwa dada yake, ameufunga mlango. Mishumaa inawaka, taji la mke wa mfalme linatikisika.

Nikatafsiri. "Ulinificha," nikasema, kwa sauti ya steringi. "Uliniacha nikicheka na mama yangu yumo kaburini." Maandishi yakaja mengine nikayasema, yakaja mengine, kisha yakakoma, binti yule akawa anatazama tu huku muziki ukipanda. Mimi sikukoma.

"Nilikupigia simu," nikasema. "Ukaniambia kaenda kumtazama mgonjwa. Nikakwambia nasikia watu, ukasema wageni. Nikakusimulia kichekesho, ukacheka."

"Simu?" rafiki yangu akacheka. "Enzi hizo kulikuwa na simu?" Kisha akageuka akatuona nyuso, mkono wake ukatafuta rimoti polepole, akaisimamisha picha. Mke wa mfalme akabaki pale ukutani, mdomo wazi, steringi mbele yake.

Sasa nilikuwa nimeshasema, na nilikuwa na hasira, hasira ya miaka, tamu na chungu. Nilimtazama dada yangu machoni kama ilivyoagizwa. Nilitaka aseme wazee ndio walioamua, ili nimwambie wewe huna mdomo? Nilitaka aseme mtihani, ili nimwambie mtihani ungerudiwa, Mama harudiwi. Kila jibu nilikuwa nimeshaliwekea jibu lake.

Dada hakujitetea. Aligeukia televisheni, akamnyooshea kidole steringi wangu.

"Huyu binti," akasema, "amekuja mpaka hapa, kafungua milango yote, anataka kujua nani kaficha, nani kajua, nani kanyamaza. Hata siku moja hajauliza mamake alikwendaje."

Akaushusha mkono, akanigeukia mimi.

"Mimi nilikuwa nakungoja uniulize. Kila unapopiga nasema leo ataniuliza. Siku ile niliyonayo mimi hakuna wa kumpa. Wengine wote walikuwepo, wanaijua. Ni yako wewe, nami nimeishika tu." Akashusha pumzi. "Nikasema labda hataki. Kisha nikasema mwenyewe, nilicheka naye siku ile, nina uso gani?"

Lazima niseme jambo moja kuhusu kazi yangu. Kwenye nyumba yetu ya wazee mkaazi akifariki, mara nyingi ni mimi na rafiki yangu tunaomwosha, maana vijana wanaogopa. Tunafunga mlango, tunafungua dirisha kidogo, tunamwita kwa jina lake kama yuko hai, sasa tunakugeuza bibi, sasa tunakufuta mgongo. Nimewaosha hivyo wanawake wengi wa mji huu, watoto wao wako Australia na sijui wapi, na nikimaliza kila mmoja ninamchana nywele. Na kila nikichana nywele hizo nyeupe, nilikuwa najua kwamba mama yangu hajafa. Kichwani nilijua alikufa. Lakini kwa sheria yetu ya kwenye kochi, mimi sikuiona maiti. Mama alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa, na siku moja angerudi.

Nilishuka kwenye kiti nikakaa chini kwenye mkeka, sijui kwa nini. Swali lililonitoka halikuwa hata moja katika yale niliyoyapanga.

"Nani alimwosha?"

"Mimi," dada akasema. "Mimi na mama mdogo, na waoshaji wawili wa mtaani." Naye akateremka, goti lake likimuuma, akakaa nami mkekani. "Maji tuliyatia vuguvugu. Walisema ya baridi yanatosha, mimi nikasema Mama hapendi maji ya baridi, wakaniacha. Alikuwa mwepesi. Hukumwona alivyokuwa mwepesi mwisho. Nilimshika kichwa mimi."

"Uso?"

"Wake ule ule. Kama anayekungoja umalize kusema ndipo akujibu."

Nikamwuliza amevaa nini alipokata roho, akaniambia. Nikamwuliza neno la mwisho lilikuwa nini, akasema halikuwa neno kubwa, aliomba mto ugeuzwe. Nikamwuliza kaburi liko upande gani, akacheka kidogo, kicheko cha kweli, akasema, "Hata mimi sikufika. Wanawake hatwendi. Mimi niliishia mlangoni, jeneza likatoka, nikarudi ndani, na usiku ulipoingia simu yake ikalia, nikaona ni wewe."

Nje watu walikuwa wanashuka basi, mtu anamwita mwenziwe.

"Kisha nywele," dada akasema. "Unajua mwanamke husukwa misuko mitatu ndipo avikwe sanda. Ule wa kwanza kausuka mama mdogo. Wa pili nimeusuka mimi. Mwoshaji akataka kuusuka wa tatu ili tumalize, wanaume wanangoja nje, alasiri inaingia. Nikamwambia huo usiuguse, huo una mwenyewe. Akaniuliza yuko wapi? Nikasema yuko Ulaya. Akaniambia, sasa?" Dada akaitazama mikono yake. "Nikausuka mimi. Lakini niliusuka unavyosuka wewe, kwa kuanzia chini ya sikio, kwa kubana sana, mpaka Mama alikuwa akilalamika kwamba unamvuta macho. Nikaubana hivyo hivyo. Nikamwambia Mama, huu kakusuka mdogo wangu."

Nililia. Nilimlilia mama yangu pale sakafuni kama aliyepata habari dakika ile, kwa sauti, bila adabu, nikamshika dada yangu kanga yake na kuilowesha, naye akalia, na jirani kwa mara ya kwanza hakugonga ukuta. Kwa muda wote ule sikuwa na hasira hata ya kuokota. Nilikuwa namwona Mama. Niliona ule msuko, ulivyobanwa.

Rafiki yangu alikuwa amesimama na sahani mkononi. Aliiweka chini, akazima televisheni, akafunga pazia, akaenda jikoni akabandika maji, maana huko kwao na kwetu kilio kikisikika wa kwanza kuinuka hubandika maji. Sote wawili tulikuwa na zamu kesho yake asubuhi. Nikamsikia akipiga simu kazini kutokea jikoni, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, kwamba nisihesabiwe wiki hii, nimefiwa na mama yangu.

Nadhani walimwuliza lini. Akachungulia mlangoni, akatutazama pale mkekani, huyu mtu asiyesema uongo hata wa tumbo.

"Leo," akasema.